Programu kibao, seva moja, poti moja: inakuwaje hazigongani?



Kuna swali linaniandama kila nikikaa na vijana kwenye kompyuta, iwe Kayanga au kule Nkwenda. Linakuja hivi: "Kaka, programu yangu niliyoweka kwenye seva inafunguka vizuri nikiwa nyumbani, ila nikija kafe haifunguki kabisa. Shida nini?" Nikiomba anwani naonyeshwa kitu chenye mkia wa namba: :8080, :8081, :3000. Mkia huo ndio mzizi wa fitina. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja, nikiulizwa tena natuma linki tu, basi. Ni ndefu, kama unalipia kwa dakika, ihifadhi kwenye flashi ukaisome nyumbani.

Tuanze na poti yenyewe. Kila seva ina anwani ya IP, na kwenye anwani hiyo kuna poti, namba kuanzia 1 hadi 65535. Programu inayosubiri wageni lazima ikalie poti mojawapo. Ikishakaa, nyingine haiwezi kukaa hapo hapo kwenye anwani ile ile. Ukilazimisha utaambiwa "Address already in use" na programu inagoma kuwaka. Brauza nayo ina mazoea yake: ukiandika http inakwenda poti 80, ukiandika https inakwenda poti 443, bila wewe kutaja namba yoyote. Poti nyingine zote unazitaja mwenyewe kwa mkono.

Sasa mtu mwenye programu nne anafanyaje? Wengi wanaipa ya kwanza poti 80, ya pili 8080, ya tatu 8081, wanaendelea hivyo. Inafanya kazi, sikatai. Matatizo yanaanza mbele ya safari. Mitandao mingi ya maofisi, vyuo na kafe inaruhusu kutoka kwa poti 80 na 443 tu, zilizobaki zimefungwa, kwa hiyo mgeni wa :8081 anagonga ukuta. Halafu hebu jaribu kuitangaza redioni anwani ya namna hiyo: "...nukta mbili, halafu nane sifuri nane moja". Nani ataikumbuka? Si bibi wa Kaisho, si mjukuu wake.

Swali la kweli ni hili: programu nne zinawezaje kukaa zote nyuma ya mlango mmoja, kila moja ikapata wageni wake, na wageni wa huku wasichungulie ya kule? Sehemu ya kwanza ni rahisi. Hiyo ya kuchungulia ndiyo watu wengi wanaisahau.

BARUA ZA S.L.P.

Hili jambo wazee wetu walilitatua bila kompyuta. Waliosoma bweni wanajua. Shule nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Barua za wanafunzi wote zinakuja na S.L.P. ile ile, na sanduku kuwa moja halikuwa tatizo hata kidogo, kwa sababu juu ya bahasha pameandikwa jina la mwanafunzi. Karani wa shule anazileta kwa mkupuo, anasoma jina moja moja, kila mtu anapata yake.

Kwenye wavuti, sanduku ni anwani ya IP pamoja na poti. Jina la juu ya bahasha ni mstari mmoja mfupi ambao brauza inautuma kila inapoomba ukurasa, unaitwa Host. Ombi lenyewe liko hivi:

GET / HTTP/1.1
Host: mafunzo.kikundi.example

(Hiyo .example nimeitumia makusudi. Imetengwa kwa ajili ya mifano, haina mwenyewe, kwa hiyo hatusumbui tovuti ya mtu.)

Seva ikisoma mstari wa pili inajua bahasha hii ni ya nani. Mstari huo haukuwepo tangu mwanzo kama sharti. Kwenye HTTP 1.0, iliyoandikwa rasmi mwaka 1996, brauza iliweza kuomba ukurasa bila kutaja jina la tovuti, sawa na barua yenye S.L.P. tu bila jina. Matokeo yake kila tovuti ilihitaji anwani yake ya IP peke yake. Januari 1997 ikatoka HTTP 1.1, na humo ikawekwa amri: ombi lisilo na Host likataliwe. Kuanzia hapo tovuti mia zinaweza kukaa kwenye namba moja.

Na ni heri ilivyofanyika, maana namba za IP za mtindo wa zamani ziliisha kweli. Tarehe 3 Februari 2011 hazina kuu ya dunia iligawa mafungu yake ya mwisho kwa kanda tano. Kwa Afrika mgawaji ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, nayo Januari 2020 iliingia awamu ya pili ya kubana matumizi, anwani zikawa zinatolewa kwa vijifungu vidogo vidogo. Kwa hiyo ukikodi seva ndogo leo, utapewa IP moja. Ukitaka ya pili, unailipia.

Kuna jaribio dogo unaweza kulifanya hapo hapo ulipokaa. Kyerwa ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, na kila halmashauri ina tovuti yake: karagwedc.go.tz na kyerwadc.go.tz. Ukizifungua utaona ni kama mapacha, sura moja, mpangilio mmoja. Sasa fungua dirisha jeusi la Windows (andika cmd kwenye Start), kisha andika nslookup karagwedc.go.tz, halafu nslookup kyerwadc.go.tz. Linganisha namba. Fanya hivyo hivyo kwa tovuti zozote mbili unazozishuku kuwa ndugu. Majina mawili yakirudisha namba moja, umekutana na yule karani wa shule: sanduku moja, majina mengi.

KARANI MWENYEWE

Karani kwenye seva ni programu inayokalia poti 80 na 443 kwa niaba ya wengine wote. Maarufu ni mbili. Apache, ya tangu 1995, na Nginx, ambayo Mrusi Igor Sysoev aliitoa kwa umma mwaka 2004. Zote bure. Mimi kwa kazi hii ya kugawa wageni napenda Nginx, inakula kumbukumbu kidogo na mipangilio yake inasomeka. Ila kama seva yako tayari ina Apache, wala usihangaike kubadilisha, inaweza kila ninachokieleza hapa.

Programu zenyewe zinabaki ndani, kila moja na poti yake ya siri ambayo mgeni haioni. Kwa mfano ya mafunzo iko 8080, ya kahawa iko 8081. Kwenye Nginx kila jina linapata fungu lake:

server {
    listen 80;
    server_name mafunzo.kikundi.example;
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    }
}

Fungu la kahawa ni hilo hilo, unabadilisha jina na 8081. Ukimaliza andika nginx -t ili ikague kama hujaacha alama mahali, ndipo uiambie isome upya. Usiruke hiyo hatua! Karani ni mmoja. Ukimwasha upya akiwa na kosa la nukta-mkato moja, zinalala zote nne kwa pamoja. Hiyo ndiyo gharama ya mlango mmoja na lazima uijue mapema.

Kwa Apache fungu linaitwa VirtualHost, na jina linaandikwa ServerName. Ukikutana na maelekezo ya zamani yanayokwambia uweke mstari wa NameVirtualHost, achana nao, tangu toleo la 2.4 la mwaka 2012 hauhitajiki.

Halafu angalia hiyo 127.0.0.1. Maana yake ni "humu humu ndani". Programu ya ndani lazima isikilize hapo tu. Ikisikiliza 0.0.0.0, yaani popote, basi umejenga mlango mzuri wa mbele huku dirisha la nyuma liko wazi: mtu anaandika IP yako na :8081, anampita karani. Wanaotumia Docker wanaponzwa sana hapa. Umefunga poti kwa ufw, unalala usingizi, kumbe Docker inaandika sheria zake yenyewe zinazoipita ufw. Dawa yake ni kuandika -p 127.0.0.1:8081:8081 badala ya -p 8081:8081. Kwa nje ziachwe 80, 443 na ile ya kuingilia wewe mwenyewe kwa SSH. Poti 3306 ya MySQL ikionekana nje, ifunge leo hii, usisubiri kesho.

JINA AU NJIA?

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Kuna namna mbili za kugawa nyuma ya poti moja. Ya kwanza ni kwa jina, kama nilivyoonyesha: mafunzo.kikundi.example, kahawa.kikundi.example. Ya pili ni kwa njia: jina moja, halafu mkwaju: kikundi.example/mafunzo, kikundi.example/kahawa. Ya pili inapendwa kwa sababu hulazimiki kusajili jina la ziada kwenye DNS. Inaonekana rahisi. Mimi naikataa kwa kitu chochote chenye neno la siri, na sababu zangu ni hizi.

Ukiingia kwenye programu, brauza inapewa kuki, kijikaratasi kinachosema "huyu tumeshamtambua". Kuki zinatunzwa kwa jina la tovuti. Programu nyingi za PHP zinaita kijikaratasi hicho PHPSESSID, na kwa kawaida kinakwenda kwenye jina zima, bila kujali mkwaju. Programu mbili chini ya jina moja zinaweza kufutiana kuki: unaingia mafunzo, kahawa inakutoa; unarudi kahawa, mafunzo inakutoa. Unadhani ni virusi. Wengine wanajitetea kwamba wao wametenganisha kwa namba ya poti. Wapi! Kuki haziangalii poti. Hata :8080 na :8081 kwenye jina moja zinachangia kuki.

Hilo ni usumbufu tu. Kubwa ni hili: kwa brauza, kurasa zote za jina moja, itifaki moja na poti moja ni za mtu mmoja. Mkwaju si ukuta. Programu moja ikiwa na tundu, mfano sehemu ya maoni inayomruhusu mhuni kupandikiza hati ya JavaScript, basi hati hiyo inaweza kuomba kurasa za programu jirani kwa niaba ya mtu aliyeingia, ikazisoma, ikazituma nje. Majina yakiwa tofauti, brauza yenyewe inakataa.

Weka hilo kwenye mazingira yetu. Chama cha msingi kina tovuti ya habari yenye picha za mkutano na maoni, na kwenye seva ile ile kina daftari la kahawa: jina la mkulima, kilo za maganda alizoleta, deni lake, amelipwa kiasi gani. Wa huku mnajua butura, mtu mwenye shida anauza kahawa ingali mtini, pengine maua tu, kwa bei ya kutupa. Serikali imeipiga vita miaka mingi na bado ipo. Mnunuzi wa butura anatafuta nini? Anatafuta kujua nani ana shamba zuri na nani ana deni linalomkaba. Hiyo ndiyo orodha yenyewe, imekaa kwenye daftari la chama, kijiji kwa kijiji. Ukiiweka nyuma ya mkwaju jirani na ukurasa wa maoni, unamtegemea kila mwandishi wa kiraka cha WordPress duniani awe amefanya kazi yake sawasawa.

Kwa hiyo daftari lipate jina lake. Na majina peke yake hayatoshi, maana yanatenganisha upande wa brauza tu. Ndani ya seva, programu zote za PHP zikiendeshwa na mtumiaji mmoja (kwenye Debian na Ubuntu ni www-data), mhuni akishaingia kupitia tovuti ya habari anaweza kusoma faili la mipangilio la daftari, lenye neno la siri la hifadhidata. Kila programu ipewe mtumiaji wake wa Linux, na mtumiaji wake wa hifadhidata asiyeona meza za jirani. Ni kazi ya nusu saa. Kama chama hakina wa kuifanya, heri daftari likae kwenye seva nyingine kabisa, hata ikigharimu zaidi. Kumbuka pia kwamba tangu 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inafanya kazi, na majina na madeni ya watu ni taarifa binafsi.

BARUA ISIYO NA JINA

Karani anafanyaje akipata bahasha yenye jina asilolijua, au yenye namba ya IP tu? Hatupi. Anaipeleka kwa wa kwanza kwenye orodha! Hii wengi hawaijui. Nginx na Apache zote mbili, usipotaja nani ni wa akiba, zinachukua fungu la kwanza zililolisoma, na kwenye Debian na Ubuntu mafaili yanasomwa kwa alfabeti.

Niliwahi kuonyeshwa seva ya kikundi kimoja, jina naliacha. Fundi aliyewatengenezea alifuta lile faili la mwanzo linaloanza na 000 kwa kuliona halina kazi. Faili lililofuata kwa alfabeti liliitwa amcos. Basi yeyote aliyeandika namba ya IP peke yake alipokelewa na ukurasa wa daftari, na ukurasa wa muhtasari haukuwa na neno la siri, kwa imani kwamba hakuna anayelijua jina lake. Roboti za mtandaoni hazihitaji jina. Zinapita namba moja baada ya nyingine mchana na usiku.

Weka fungu la akiba lisilotoa kitu:

server {
    listen 80 default_server;
    return 444;
}

Hiyo 444 ni ya Nginx yenyewe, maana yake kata simu bila kujibu. Kwa upande wa 443 kuna mstari wa ssl_reject_handshake on. Ulioingia toleo la 1.19.4 mwaka 2020, unafanya kazi kama hiyo.

BAHASHA ILIYOFUNGWA

HTTPS ilileta kitendawili. Kila kitu kimefungwa, hata mstari wa Host umo ndani ya bahasha. Karani atajuaje aonyeshe cheti cha nani kabla hajafungua? Kwa miaka mingi jibu lilikuwa: hawezi, nunua IP nyingine. Mwaka 2003 ikaandikwa nyongeza inayoitwa SNI, brauza inataja jina kwa nje, kabla ya kufunga. Ilichukua muda kuenea kwa sababu Internet Explorer ya kwenye Windows XP haikuielewa kamwe, na si mnakumbuka kafe zilivyojaa XP! Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, na leo SNI ni jambo la kawaida.

Kwa wewe unayetumia kafe, kuna la kujua hapo. Jina la tovuti kwa kawaida liko nje ya bahasha. Mwenye mtandao anaweza kuona umekwenda tovuti gani, japo haoni umesoma nini.

Vyeti siku hizi ni bure kwa Let's Encrypt, waliofungua kwa umma Desemba 2015, na programu ya certbot inaviomba na kuvihuisha yenyewe. Angalizo moja: njia yao ya kawaida ya kuhakiki inapita poti 80. Ukiifunga poti 80 ukidhani 443 inatosha, cheti kitakwisha kimya kimya na asubuhi moja kila mgeni anaonywa kwamba tovuti yako si salama. Acha 80 wazi, iwe inawaelekeza watu kwenye https tu.

SHULENI, BILA INTANETI

Si kila seva lazima iwe hewani. Kompyuta moja ya kawaida kwenye maabara ya shule, sola ikiwepo, inaweza kubeba Kiwix (Wikipedia nzima nje ya mtandao), Kolibri ya masomo na video, na Moodle ya mwalimu kuwapa mazoezi. Kolibri inaamka kwenye 8080. Moodle ni PHP, inakaa kwa Apache au Nginx. Kiwix unaichagulia mwenyewe.

Hapa nalegeza kamba kidogo kuhusu mkwaju. Kiwix ni kitabu cha kusoma tu, hakuna wa kuingia, hakuna siri, kwa hiyo shule.internal/wiki haina ubaya. Ila lazima umwambie Kiwix kwamba yuko chini ya mkwaju, kwa kuiwasha na --urlRootLocation=/wiki, la sivyo picha na linki zinakwenda kusikojulikana, unabaki na maandishi matupu. Hii ndiyo kero ya mkwaju kwa kila programu: lazima programu yenyewe ijue. Moodle inataka anwani yake kamili kwenye config.php, mstari wa wwwroot, na mimi naipa jina lake kwa sababu ina alama za wanafunzi.

Majina ya ndani yatoke wapi? Programu ndogo ya dnsmasq, mstari mmoja: address=/shule.internal/192.168.1.10, kisha ruta iwaelekeze wanafunzi wote waulize majina hapo. Mwisho wa .internal umetengwa rasmi na ICANN Julai 2024 kwa matumizi ya ndani. Usitumie .local, ina kazi nyingine na itakusumbua. Na waambie wanafunzi waandike http:// mbele, maana brauza isipoujua mwisho wa jina inalipeleka kutafuta Google, na intaneti yenyewe hakuna. Kwa cheti cha https, mamlaka za umma hazitoi vyeti vya .internal, ukikitaka, nunua jina halisi.

UKITAKA KUIWEKA NYUMBANI

Naulizwa sana: "Si naweza kutumia modemu yangu ya laini ya simu, kompyuta iwe chumbani?" Kwa kawaida haiwezekani, hata ukifungua poti zote duniani. Kampuni za simu zinawaweka wateja wengi nyuma ya IP moja. Ingia kwenye ruta uangalie anwani iliyopewa kutoka nje. Ikianza na 10., na 192.168., au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, hiyo si anwani ya umma, hakuna wa nje anayeweza kukufikia. Hayo mafungu ya 100.64 yalitengwa Aprili 2012 kwa kazi hiyo hiyo. Kodi seva ndogo, hata ya kumbukumbu ya GB 1, itabeba tovuti mbili tatu nyepesi. Ukiongeza programu ya Java hapo, itaanza kuhema. Poti moja inabana anwani, haibani kumbukumbu.

IKIGOMA

Ukiona 502, karani yuko kazini ila programu ya ndani imelala, kaiamshe hiyo. Ukiona 413 unapopandisha picha ya mkutano, Nginx inakataa mzigo unaozidi MB 1 mpaka uongeze client_max_body_size. Ukiona tovuti ya jirani badala ya yako, jina ulilopewa kwenye DNS halifanani na server_name, angalia herufi.

Kosa moja halina ujumbe. Programu ya ndani inaona wageni wote wanatoka 127.0.0.1, kwa sababu anayeigongea ni karani. Sasa kama ina sheria ya "ukikosea neno la siri mara tano tunakufungia anwani", kijana mmoja wa Isingiro akikosea anafungia wilaya mbili nzima. Ule mstari wa X-Forwarded-For kwenye mfano wangu unabeba anwani halisi, lakini lazima uiambie programu iuamini, na iuamini ukitoka kwa karani peke yake.

Unapojaribu kutoka nje, usijaribu ukiwa kwenye mtandao ule ule wa seva. Zima Wi-Fi, washa data ya simu. Walioko Murongo simu zao zikikamata mnara wa ng'ambo ya mto Kagera watapata jaribio la kimataifa kabisa, ila waangalie salio, teh teh.

Aliyekwama aniwekee hapo chini ujumbe wa kosa kama ulivyo, aina ya karani anayemtumia na hilo fungu lake la mipangilio. Neno la siri lifute kwanza, tafadhali.